Mama Anatoka Nje Tena

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Ni saratani ya tezi za limfu. Haya, nimeliandika. Dokta Neema anasema ya aina yangu inatibika, nami nimemwamini — hana uso wa kubembeleza mtu. Dripu zitaanza mwisho wa mwezi. Nikamwuliza kama nitawahi kurudi kazini bandarini msimu wa korosho ukichanganya. Akacheka. Kisha akasema dawa zenyewe zinaweza kuninyima watoto, ila kabla ya kuanza wanaweza kunitoa mayai na kuyagandisha kule Dar mpaka nitakapoyataka. Matibabu kusubiri wiki mbili hakuna shida, lakini niamue wiki hii.

Aliposema "mayai", Mama akanyanyuka. Akatoka nje! Dokta akaandika kitu kwenye faili langu.

Jumanne, 9 Septemba

Mama kapika kisamvu, kaniwekea kipande kikubwa cha samaki. Nilipoanza, "Mama, yale ya dokta—", akakumbuka nguo kambani. Nguo zilishaanuliwa tangu mchana.

Nimekasirika. Mtu mzima wa miaka ishirini na moja, natoa makontena ya watu bandarini, nabishana na maofisa wa forodha — na mama yangu ananikimbia kwa ajili ya yai!

Nayataka. Hilo nalijua. Nataka mtoto mbishi kama mimi.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeenda kwa dokta peke yangu. Kasema kwa upole kwamba uamuzi ni wangu, hata kama mama yangu amekataa.

Amekataa? Ndipo nikashtuka. Mjinga mimi! Mama hajakataa kitu. Hata nilipovunja ungo hakuniambia neno: alimwita Bi Zawadi, kungwi wangu, kutoka Mtawanya, yeye akaenda kujikalia jikoni. Kwetu mama hazungumzi na mwanawe mambo ya kizazi. Ni aibu kwa wote wawili. Na dokta kayamwaga yote mbele yetu! Mtu wa Moshi, angejuaje.

Nimempigia Bi Zawadi. "Mwali wangu, na ulikuwa unangoja nini?"

Ijumaa, 12 Septemba

Leo tumekwenda watatu. Mama kabaki kwenye benchi nje. Bi Zawadi kaingia na kanga zake mbili, kamkabili dokta kama anayekagua mahari. Wanapitia wapi? Bikira je? Mume atakayekuja ataambiwa nini? Nilitamani kujificha chini ya meza. Dokta akajibu yote bila kupepesa, hata lile la bikira, na akasema ataniandikia barua ya kumwonyesha huyo mume.

Kisha Bi Zawadi akauliza lile ambalo mimi sikuthubutu: na asipopona? Dokta akanigeukia. Nikasema mayai yatupwe, asipewe mtu.

"Basi hilo limekwisha," akasema Bi Zawadi. "Na mwali wangu anapona."

Tunaanza Jumatatu. Sindano kila siku hapa Mtwara, kisha Dar.

Jumatatu, 15 Septemba

Naandika hapa benchini. Sindano ya kwanza ni leo. Bi Zawadi kapata msiba Nanyamba, hakuja. Nimekuja na Mama tu. Kakaa mwisho wa benchi, kanipa mgongo nusu.

Sasa kaweka simu sikioni. Anaongea kwa sauti, macho ukutani.

"Bi Zawadi, mwambie mwali wako asijikaze, sindano inauma ukijikaza. Mwambie hiyo akiba yake aiweke. Yote. Asinionee haya. Mwambie mgongo wangu bado una nguvu, nitabeba mjukuu."

Nimeinama, najifanya naandika tu. Naandika na kulia na kucheka, wino unachafuka. Simu ya Mama haina chaji tangu tulipopita Chikongola. Alinionyesha mwenyewe kioo kilivyozima.

Nesi kafungua mlango: "Somoe Hemedi!"

Mama kanyanyuka kabla yangu. Kashika mkoba wangu. Nikajua anatoka nje tena — kumbe anaelekea mlangoni kwa nesi, ameshaingiza mguu mmoja, ananitazama —