Niliwafundisha Watoto Kuwaridhisha Watafiti

Shangazi Walburga, shikamoo. Nisaidie. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili huku Matogoro, na mwaka jana walikuja watafiti wa chuo kikuu wakiongozwa na Daktari Makarius, wakasema wanataka kujua watoto wananawaje mikono, kwanza watauliza, kisha watajaribu njia ya kuwasaidia katika shule chache, na ikifanya kazi ndipo ipelekwe shule zote, basi mimi nikaona hawa ni wageni, tutaaibika, nikawaambia watoto waje na sare zilizofuliwa, na siku mbili nzima nikawafundisha cha kujibu, "Tunanawa kwa sabuni kila tukitoka chooni," wakajibu vizuri mpaka nikajivunia, kumbe shule haina sabuni wala bomba, ni ndoo moja ya maji darasa zima.

Sasa majibu yametoka, Daktari kaja mwenyewe kanishika mkono, "Hongera mwalimu, shule yako iko mbele, vibuyu chirizi vya kunawia mikono na sabuni tutawapelekea wenye shida," mwalimu mkuu akapiga makofi, nami nikasema asante, Shangazi, nikaipokea hongera ile, na wiki hiyohiyo Dorine, kabinti kangu ka dawati la mbele, kakalazwa kwa kuhara mara ya pili muhula huu, nikaenda kumwona, mama yake akanishukuru kwa kuja, nikashindwa kumtazama. Nikisema nitamwaibisha mwalimu mkuu na pengine kazi iende, nisiposema watoto wanaumwa. Nifanyeje?

Mwalimu N., Matogoro

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Sasa kaa nikugombeze.

Najua hukufanya kwa ubaya. Sisi huku mgeni akija tunafagia uwanja, tunaficha sufuria lenye tundu, na mtoto anakatazwa kusema jana tulilalia uji. Lakini mtafiti si mgeni wa Krismasi, mwalimu! Kaja kutafuta hilohilo sufuria lenye tundu. Mficha uchi hazai, na wewe umeficha shida ya darasa zima. Loo!

Mwone mwalimu mkuu leo, asije akasikia kwa mwingine. Ni mtu mzima, aibu ataimeza. Kisha mpigie Daktari Makarius, usizunguke: "Majibu yale niliwafundisha mimi." Atakasirika, ana haki, maana hatua ya pili inapangwa kwa majibu ya ile ya kwanza. Mwombe arudi bila kuwaambia watoto, na safari hii asiulize mtu, akae karibu na choo wakati wa mapumziko ahesabu wanaonawa. Siwezi kukuahidi kwamba hutapata barua ya onyo. Ukipata, isaini.

Kibuyu chirizi nacho usisubiri cha mradi. Dumu la lita tano, kamba, kijiti cha kukanyagia na kipande cha sabuni, wazazi wawili watakufungia mchana mmoja. Ila mjulishe Daktari, usimharibie hesabu mara ya pili.

Halafu nenda kwa mama Dorine. Kama kuhara kule kumetoka kwenye mikono wewe hujui, wala mimi sijui, kwa hiyo usijitwishe yote, mwanangu. Lakini mwambie shuleni hakuna sabuni. Mtoto wake akipona atarudi kwenye choo kilekile.