Kwa Kaka, Uliyemweka Lusekelo Benchi

Mpendwa kaka,

Ujumbe wako wa Jumatatu nimeupata. "Mdogo wangu, naona umepata kijana wa miaka kumi na minane, sentimita mia mbili na kumi na moja. Nikirudi kwenye ukocha tutamtengeneza mimi na wewe, kama zamani." Mwaka mzima hukunitumia hata salamu ya sikukuu, lakini urefu wa mtu anayeishi ndani ya kompyuta umeuona ukiwa huko huko Dodoma. Nakujibu hapa kwenye jukwaa letu ili mameneja wote wasome, kwa sababu Jumamosi tunapiga kura, na wewe umeomba uchaguliwe tena kuifundisha timu ya taifa ya vijana ya mchezo wetu.

Hiyo zamani unayoitaja naikumbuka kuliko wewe. Ulinifundisha mchezo huu nyumbani Ikuti, tumekaa barazani juu ya magunia ya viazi, mvua inapiga bati mpaka tunaongea kwa kupayuka. Ulinionyesha jinsi ya kumiliki klabu ya kikapu ya mtandaoni: unapanga kikosi, unachagua zoezi la wiki, halafu unasubiri kompyuta icheze mechi. Mimi wakati huo nilikuwa ndiyo naanza kutengeneza simu pale Bagamoyo, mtaa wa hapa Tukuyu, meza moja na mwavuli. Nilifurahi, sikatai. Siku ya kuchagua chipukizi tuliletewa majina mawili. Mmoja alikuwa na jina la mbali na uwezo wa kukua wa nyota nane. Wa pili aliitwa Lusekelo, jina la kwetu, nyota sita, sentimita mia mbili na kumi na tatu. Ukasema, "Chukua wa kwetu." Na mimi, ninayejisifu kwa hesabu, nikaacha nane nikachukua sita, kana kwamba kompyuta ilimtoa kijiji cha Nkunga. Mama alitusikia tukilitaja jina hilo wiki nzima, akauliza, "Huyo Lusekelo ni mtoto wa nani, na mbona hamumleti hapa ale?"

Ulipogombea ukocha, nilimwandikia kila meneja nchini kukuombea kura, nikitaka Lusekelo afike timu ya taifa. Ukashinda. Wiki ya kwanza tu ukaja na mpango. Lusekelo atakuwa senta wa taifa, yule mrefu wa chini ya kikapu, ukasema, lakini senta wa siku hizi lazima ajue pasi na kudunda mpira. Na katika mchezo huu mtu hajifunzi kitu mpaka achezeshwe kwenye nafasi inayolingana na zoezi lake dakika arobaini na nane kila wiki. Maana yake nimpange mtu mrefu kama mnazi aongoze mpira, chini ya kikapu nibaki na wafupi, na nifungwe.

Ulipoona nasita, ukaleta habari ya ng'ombe wa baba. Baba alipata mtamba kwa ule mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, na ndama jike wa kwanza akampeleka kwa jirani aliyefuata kwenye orodha. "Na wewe wa kwanza mtoe kwa taifa," ukasema. Nikakubali.

Misimu mitatu, kaka. Wiki arobaini na mbili. Mechi za ligi sitini na sita, nimeshinda kumi na saba. Nilianza daraja la pili nikaishia la nne. Yule mwalimu wa Nkunga, meneja mwenzetu, alikuwa akileta simu yake dukani niibadilishie tundu la chaji, ananiuliza mbele ya wateja, "Dada, huyu mrefu wako anapiga chenga au anatafuta miwani?" Watu wanacheka. Mimi nakaza skrubu. Lakini pasi za Lusekelo zilipanda kutoka nne hadi kumi na moja, na kudunda kutoka tatu hadi tisa. Kila Ijumaa nilikutumia namba hizo, na wewe ukajibu, "Safi sana, mdogo wangu."

Mashindano yakaja, mechi ya kufuzu na Malawi. Lusekelo alikuwa na miaka ishirini na moja, msimu wake wa mwisho wa timu ya vijana. Nikafunga duka mchana nifuatilie. Dakika alizocheza: sifuri. Senta alikuwa kijana wa klabu yako mwenyewe, sentimita mia moja tisini na nane, uliyekuwa ukimpandisha thamani kimya kimya. Ribaundi, yaani mipira inayodakwa baada ya kukosa kikapu, wao hamsini na moja, sisi ishirini na mbili. Tukafungwa kwa pointi tatu.

Nilikupigia. Ukasema, "Huyo wako hakutengenezwa vizuri."

"Kaka, nani aliyepanga atengenezweje?"

"Basi yaishe. Ni mchezo tu, na lile ni jina tu. Mtu mwenyewe hayupo."

Kumbe hayupo. Alikuwepo alipokuwa ndiyo sababu ya mimi kukuombea kura.

Na ng'ombe wa baba usimtaje tena. Baba alitoa ndama, ndiyo, lakini maziwa alikuwa akinywa, na jirani aliyepokea alikuwa amejenga banda kabla ndama hajafika. Wewe ulipokea ndama, ukamfunga uani bila jani, halafu ukatangaza kijiji kizima kwamba alizaliwa dhaifu. Kocha wa namna hiyo huko kwetu hapewi hata kuku amlinde.

Kilichoniuma si daraja la nne. Ungeniambia mapema, "Mdogo wangu, namtaka wa kwangu acheze," ningekutukana dakika tano tukaendelea. Ukaona afadhali unichezee mimi wiki arobaini na mbili. Mezani kwangu Bagamoyo, fundi aliyeharibu simu ya mteja anasema ameiharibu. Wewe una ofisi yenye kiyoyozi na sentensi hiyo fupi imekushinda.

Kwa hiyo huyu mpya humpati. Atacheza senta kuanzia wiki hii, chini ya kikapu, mahali pa mtu wa urefu wake. Na ukocha, kaka, nimeugombea mimi. Mameneja tunaocheza bado nchini ni kumi na mmoja. Watano wameshaniahidi kura, akiwemo mwalimu wa Nkunga, na mimi ni wa sita. Wewe piga kampeni tu, ni haki yako.

Yule kijana wako wa mia moja tisini na nane bado ana msimu mmoja wa timu ya vijana. Nimemkagua namba zake zote. Si senta na hajawahi kuwa senta, lakini anakaba vizuri pembeni. Nitamwita. Nimeshapiga hesabu: anastahili dakika kumi na mbili, na atazipata zote.

Mdogo wako, mgombea mwenzako,
Bagamoyo, Tukuyu