Babu Aliposema Saa Tatu

Mawe! Mama yangu, Joviana!

Nimemuuliza babu ni saa ngapi, ili nimpe dawa. Akalia. Babu Rutashobya, analia!

Unajua hataki kabisa kuulizwa saa. Kumbe mwaka 1953 alikuwa karani bomani Bukoba. Asubuhi hiyo Wazungu walikuwa wanashindana kwa boti za tanga hadi kisiwa cha Goziba. Mmoja wao akamuuliza dhoruba itafika lini. Babu alikuwa ameliona wingu ziwani tangu alfajiri. Akajibu saa tatu, neno kwa neno kwa Kiingereza: "Three o'clock."

Saa tatu YETU, Joviana! Mzungu akaelewa saa tisa mchana. Akacheka, "Tutakuwa tumeshafika."

Na kaka yake babu, Projestus, alikuwa kwenye boti ya Mzungu huyo huyo, kibarua wa kuchota maji yanayoingia botini. Babu akawaona wanatweka tanga, akashangaa, akanyamaza. Alidhani Wazungu wanajua zaidi.

Saa tatu kamili ziwa likachafuka. Projestus hakuonekana tena. Hakukuwa na mwili wa kuzika.

Miaka sabini, Joviana! Hakuwahi kumwambia mtu, hadi leo.

Sasa amenishika mkono, haniachii. Anarudia hilo hilo tu: "Asubuhi. Ningeongeza tu, asubuhi."