Mwaka Mzuri Ambao Hukuwemo

Mume wangu, Baba Skola,

Nimefunga kibanda mapema, maana leo ni siku ya mwisho ya mwaka na wateja wangu wengi wamekwenda makwao. Nimekaa peke yangu kwenye chumba tulichopanga mimi na Skola hapa Milanzi, mjini Sumbawanga. Skola yuko kwa jirani anasukwa nywele. Nimeona nikuandikie kabla sijapanga lolote la mwaka unaoingia, kwa sababu nikianza kupanga bila kukueleza huu unaokwisha ulivyokuwa, nitajiona kama mtu aliyetoka nyumbani bila kuaga.

Wewe ndiye uliyetuzoesha hivyo. Kila siku kama ya leo, tukitoka misa ya asubuhi, ulitupeleka moja kwa moja shambani Kasense, kuwe na matope au kusiwe na matope. Tulikuwa tunasimama pembeni ya mahindi, yakiwa bado yanafika magotini, upepo unatupiga mpaka Skola anajificha ndani ya koti lako. Hukutaka mtu aseme anachokitaka mwaka ujao kabla hajasema mwaka unaokwisha ulimfanyia nini. Ulisema, "Tuanze na yaliyopita. Tusipofanya hivyo tutaomba vitu ambavyo tayari tunavyo." Mimi nilikuwa natetemeka kwa baridi na kutamani uharakishe, ila sasa natamani ningekuwa nimesikiliza vizuri zaidi.

Unakumbuka mwaka ule maksai wetu mmoja alipokufa katikati ya msimu wa kulima? Tulimaliza shamba kwa jembe la mkono, mimi na wewe, na jioni tulikuwa hatuwezi kunyoosha migongo. Siku ya mwisho ya mwaka nilidhani utaanza na habari ya ng'ombe. Wewe ukasema, "Mwaka huu nimejua kwamba mke wangu ana moyo mgumu kuliko wangu." Ukageuka upande wa pili ili nisikuone uso. Mpaka leo sijaambiwa neno na mtu likaniingia kama lile.

Zamu yangu ya kusema ninachokitaka ilipofika, kila mwaka nilisema jambo lile lile. Nilitaka kibanda cha uji mjini, karibu na stendi. Uji wa ulezi, chapati, chai ya maziwa. Nilijua baridi ya Sumbawanga inavyowatesa wapakiaji wa magunia alfajiri, nilikuwa nimewaona nikipeleka mahindi sokoni. Na wewe kila mwaka ulinishika mkono ukaniambia, "Mwaka ujao, Mama Skola." Hukuwahi kunikatalia kwa ukali. Ningekuwa na mume mkali labda ningegombana naye nikaenda zangu. Ulikuwa unanishika mkono, nami nikanyamaza, na mwaka ujao ukageuka mwaka ujao mwingine. Mara moja tu ulinieleza sababu. Ulisema, "Nikikuachia uende mjini hutarudi huku." Nikakucheka, nikakuambia mimi ni mtu wa shamba, nitakwenda wapi.

Ulivyougua kifua sitakuandikia, ulikuwepo mwenyewe. Nitasema tu kwamba tulipokuzika mvua za mwisho zilikuwa hazijakatika, na mwaka ule ulipokwisha sikwenda shambani. Skola aliuliza kama tutakwenda. Nikamwambia mwaka ule hatuna la kuuliza, tunajua mwaka wenyewe umetufanyia nini.

Mwaka huu ndio ninaotaka kukueleza.

Mwanzoni mwa mwaka nilifungua kibanda. Hakuna aliyenikataza. Hakukuwa na mtu wa kunishika mkono aseme subiri. Nilipata nafasi nyuma ya stendi, upande wanakopakia mahindi, nikaweka jiko, benchi mbili na turubai juu. Wiki ya kwanza nilimwaga nusu ya sufuria. Baada ya hapo watu wakanijua. Sasa alfajiri, kabla mabasi hayajaondoka, wapo wananisubiri na mikono wameitia kwapani. Vijana wa bodaboda wananiita Mama Ulezi.

"Shikamoo Mama Ulezi, upo wa moto?"

"Marahaba. Lini umenikuta na wa baridi?"

Wanacheka, nami nacheka. Nimekuwa mtu wa utani, Baba Skola. Usingenijua. Tumehamia huku, kwa sababu kutoka Kasense kila alfajiri nisingeweza, na Skola yuko karibu na shule. Kama ulivyosema, sikurudi.

Wakati wa mavuno mdogo wako Kastori alileta magunia yake sokoni akapita kunisalimia. Nikampa kikombe cha uji. Akakinywa chote, akaniangalia, akasema, "Shemeji, umenawiri." Akashukuru akaondoka. Sidhani alikusudia kunichoma, Kastori si mtu wa mafumbo. Lakini nilirudi nyumbani nikajitazama kwenye kioo, nikaona kweli mashavu yamejaa. Mjane anatakiwa akonde kidogo, angalau kwa heshima. Nilijihisi kama mtu aliyekutwa na kitu cha watu. Jioni ile nilimpakulia Skola, mimi sikula.

Kuna jingine. Siku moja mwezi wa nane nilikuwa nimeuza vizuri, nimeosha vyombo, nafunga kuni zilizobaki. Ghafla nikagundua kwamba tangu nimeamka sijakufikiria hata mara moja. Siku nzima. Niliwasha moto, nikapika, nikabishana na muuza maziwa, nikacheka, na wewe hukupita kichwani mwangu. Nikakaa kwenye benchi. Mpakiaji mmoja wa magunia aliniona, akauliza, "Mama, unaumwa?"

Nikamjibu, "Hapana, mwanangu. Nimesahau kitu nyumbani."

Wanawake wenzangu wa jumuiya wananiambia, "Tunajua, mama, ungeweza ungetoa vyote hivi ili arudi." Wananipenda, ndiyo maana wanasema hivyo. Na mimi naitikia. Siku nyingine naitikia na ni kweli kabisa, ningeviacha vyombo vyote hapo hapo stendi nikukimbilie. Lakini zipo siku naitikia huku sina hakika. Kwa sababu ukirudi, utarudi wewe mwenyewe kama ulivyo. Utanishika mkono na utasema mwaka ujao. Na mimi sijui kama ningekifunga kibanda. Neno hilo sijampelekea padri, maana sijui kama ni dhambi au ni nini. Nakuletea wewe kwanza kwa sababu linakuhusu kuliko mtu yeyote.

Mimi ninakipenda kibanda kile. Na nisingekuwa nacho kama ungekuwa hai. Nimejaribu kuyatenganisha maneno haya mawili na hayataki kutengana.

Asubuhi ya leo, baada ya misa, nilimwambia Skola tukodi bodaboda mpaka Kasense. Tukasimama pale pale. Shamba la juu nililima ulezi kwa kusaidiwa na vibarua, limechipua vizuri. La chini, lile ulilolipenda, limelala majani matupu. Sikuliweza. Tulisimama tukiliangalia, na mtoto wako, ambaye sasa ananipita urefu, akaniambia, "Mama, naanza mimi."

Nikasema haya, anza.

Akasema, "Mwaka huu umeacha kulia jikoni. Nilifurahi, halafu nikaogopa. Nilitaka kukuuliza kama umemsahau baba, nikaona nitakuumiza."

"Na wewe umemsahau?"

"Sauti yake ndiyo inanipotea," akasema. "Uso ninao."

Basi nikamwambia ukweli. Nilimweleza ile siku ya mwezi wa nane. Nikamwambia mwaka huu ulikuwa mzuri kwangu na kwamba naona aibu kusema hivyo nikiwa nimesimama kwenye shamba la baba yake. Hakunifariji. Aliniuliza tu, "Baba angekasirika?" Nikamwambia asingekasirika. Angesikitika, na angeficha. Tukalia kidogo pale kwenye majani, wote wawili. Halafu akanieleza vile ulivyokuwa unaita ng'ombe wakati wa kugeuza jembe, akaigiza, na akakosea, nikamrekebisha. Akaigiza tena mpaka akaipata. Ndivyo tulivyofanya asubuhi hii, tulisimama tukiita ng'ombe ambao hatuna.

Tukiwa bado pale akapita Mzee Masanja, yule jirani Msukuma mwenye ng'ombe wengi. Nilikuwa nimeshazungumza naye wiki iliyopita. Anataka kukodi shamba la chini, alime maharage mvua hizi zikipungua, na msimu utakaofuata apande mahindi. Mimi na wewe tuliwahi kuongea habari za kukodisha, na ulisema shamba la baba yako halitalimwa na mkono wa mtu baki wakati wewe una mikono. Nilikumbuka. Nilikumbuka kila neno. Nikamwamkia mzee, nikamwambia aanze akiwa tayari.

"Nitalitunza, mama," akasema. "Nilikuwa namwona marehemu alivyokuwa analitunza."

Tulipokuwa tunarudi tukamkuta Kastori mlangoni kwake. Nilimwambia mwenyewe, sikutaka asikie kwa watu. Alikwangua matope kwenye buti. Mwishoni akaniuliza kwa upole kabisa, "Shemeji, kaka angekubali?"

Ningeweza kusema kwamba hali imebadilika, au kwamba ungeelewa. Watu wanasema hivyo kuhusu marehemu, wanawafanya wakubali kila kitu.

Nikamjibu, "Asingekubali."

Akangoja niendelee. Kisha akaitikia kwa kichwa, akamwambia mkewe atupe viazi vya kupeleka mjini, nasi tukaaga.

Hivyo ndivyo mwaka ulivyonifanyia. Sasa ya mbele. Nataka kuweka ukuta wa mbao kwenye kibanda, kiwe mgahawa mdogo ambao mvua haiingii. Nataka Skola amalize shule bila kuniangalia usoni kila asubuhi kujua nimeamkaje. Na nataka siku moja nicheke na wateja mpaka mwisho wa kicheko, bila kujikatiza katikati kwa ajili yako. Hili la tatu nimesita sana kuliandika. Nimeliandika kwa sababu ulitufundisha kusema tunachokitaka tukiwa tumesimama mbele ya watu wetu, na wewe bado ni mtu wangu.

Nilitaka kumalizia kwa kukuomba msamaha. Kila nikitaka kuliandika neno lenyewe nashindwa, sijui niombe kwa lipi. Kwa kubaki, au kwa kubaki vizuri? Ukijua wewe, samehe hilo hilo.

Skola amerudi. Nywele zimemkaa, ananiita mlangoni nikamwone kwenye mwanga. Pumzika, Baba Skola. Mimi naenda kumtazama mtoto, kisha nichekeche unga. Mwaka Mpya au si Mwaka Mpya, alfajiri wapakiaji watakuwa pale na baridi yao.

Mkeo,
Mama Skola