Chupa ya Juma

Jumanne usiku

Nimemfokea mama mkwe mbele ya wageni, na bado nina hasira.

Daktari alishatuambia: dripu hii ya kuua fangasi walioingia kwenye ubongo inaweza kumharibia mume wangu Juma figo, kwa hiyo mkojo wote uwekwe kwenye chupa, upimwe. Dawa yenyewe, siku hizi za ruksa ya kuingiza bidhaa, Kariakoo ipo. Figo haziuzwi.

Mchana wakaja wodini ndugu kutoka Buguruni kumwona Juma. Mama akaichukua chupa, akaenda kuimwaga chooni.

"Mama, umemwaga?"

"Sasa mwanangu, wageni waingie wakute mkojo wa mtu mzima umewekwa hapo kama chai?"

Nesi akauliza ulikuwa mwingi au kidogo. Mama hakuangalia. Basi dripu wameisimamisha mpaka waone mkojo wa kesho.

Sasa sijui kama figo zimegoma, au dripu imesimama kwa aibu ya mama tu. Na dawa ikikosekana mwilini, ule ugonjwa...

Nimemwachia chupa safi chini ya kitanda. Ee Mungu, mpe Juma mkojo. Dua gani hii, lakini leo sina nyingine.