Dawa Mpya Imekuondoa Ndotoni, Baba

Baba,

Hapa Kamina mvua zimeanza, na bati la chumba chako bado linavuja palepale ulipokuwa ukiweka beseni. Kaka anasema atalipanda Jumamosi. Wewe unazijua Jumamosi za kaka. Tuko wazima sote, hata mimi, na hilo la mimi ndilo limenikalisha chini nikuandikie.

Ulipotuacha sikulia. Watu wa kanisa wakanisifu, wakasema Madame Ngoyi ana moyo mgumu kama baba yake. Moyo gani! Nilirudi shuleni, nikasimama mbele ya ubao na chaki mkononi, watoto wa darasa la tano wakinisubiri, nikashindwa kukumbuka nilitaka kuandika nini. Wakaanza kunong'ona. Nyumbani nikawa nalala na nguo za kazi. Ugali wa bukari nilikuwa naumega tu ili Shangazi aniache. Daktari aliupa ugonjwa jina lake la Kifaransa, dépression, akanipa vidonge.

Vilinisaidia, siwezi kuvisema vibaya. Ila vilinipa usingizi mzito mno, nikawa nasinzia mezani mbele ya wanafunzi. Wewe uliyekuwa unamrushia mtoto chaki kwa kupiga miayo ungenifukuza kazi mwenyewe. Basi daktari akasema tubadilishe: cha zamani nikipunguze kidogo kidogo, nikikata kwa wembe, huku kipya kikiingia. Alinionya mapema. "Madame, mwili itagombana na weye kiloko. Usiogope, na usiache."

Kiloko! Kidogo gani huko? Nikigeuza macho haraka, kitu kama umeme kinapita kichwani, tsss, halafu kinatulia. Nikisimama, nyumba inayumba. Siku moja sokoni nilimfokea mama muuza nyanya kwa sababu ya nyanya moja laini, kisha nikaanza kulia palepale mbele yake. Naye, maskini, akaniongezea mbili.

Halafu zikaja ndoto, na ndoto ndizo zilizokuleta.

Kila nilipofumba macho, hata mchana baada ya shule, ulikuwa pale unapiga pasi. Hukuwa na nguo nyeupe wala mwanga usoni. Ulikuwa wewe yule yule, na fulana yenye tundu begani, unapuliza makaa, unapuliza maji kutoka mdomoni juu ya kola. Nikinyoosha mkono nikusaidie, unasema, "Acha, weye utaniunguzia shati," kama ulivyosema kila Jumamosi ya utoto wangu. Mara nyingine tunakwenda stesheni kutazama treni ya Lubumbashi, ambayo ndani yake hatumngoji mtu yeyote. Unatazama saa yako, unatikisa kichwa, unamlaumu mkubwa wa stesheni kama mwanafunzi aliyechelewa, nami naona haya na kucheka. Harufu ya sabuni yako naisikia kabisa. Naamka shingo imelowa jasho, kichwa kinazunguka, na nina furaha. Nani angenielewa? Nilikuwa mgonjwa hivyo, na bado nilikuwa naungoja usingizi kama mtoto anayengoja Noeli.

Nikamsimulia Shangazi. Unamjua dada yako. Kwetu Waluba, marehemu akirudi rudi ndotoni wakati nyumbani kuna mimba, basi anaomba mtoto apewe jina lake, na mke wa kaka alikuwa anakaribia kujifungua. Shangazi alipiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza. Hayo hayakunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba baada ya vigelegele alivigeukia vidonge vyangu.

"Ile dawa njo itamufukuza," akasema. "Acha kwanza kuikunywa. Acha baba yako amalize kusema. Mutoto akizaliwa, utaikunywa tena."

Nikamweleza kwamba daktari amesema ndoto hizi ni za mwili unaozoea dawa nyingine, zitapita. Akanitazama kwa huruma. "Docteur alimujua ndugu yangu?"

Baba, nilitaka kumtii. Si kwa ajili ya jina. Nilijua kidonge kipya kikishika vizuri, wewe utaondoka. Mchana mmoja nilikaa kitandani na kidonge kiganjani, nikakitazama mpaka kikaanza kulainika kwa jasho. Nikikiacha, labda utakuja na pasi yako na maneno yako. Nikikiacha, labda pia nitarudi mbele ya ule ubao, chaki mkononi, bila neno. Niliuogopa ubao. Lakini nilikuwa na hamu nawe, Baba.

Mke wa kaka akaingia, ameshika kiuno, tumbo limemtangulia. Akaona kiganja changu. Hakunihubiria. Alikaa kando yangu, akapumua kidogo, akasema, "Jina tutamupa. Tulishapatana na bwana yangu mbele hata weye uote. Kunywa dawa, yaya, dada yangu. Minyi nataka shangazi ya mutoto wangu akuwe muzima." Kisha akainuka tena, na uzito wake wote ule, akaniletea maji.

Nikameza. Shangazi alininunia vibaya sana. Akawa ananisalimia kupitia watu wengine: mwambieni Madame chakula kiko mezani.

Mtoto amezaliwa, Baba, na ni msichana! Shangazi alikuwa amekwisha kushona vikaptula. Tukamtazama sote atasema nini. Akamfunua mtoto, akamchunguza, akamfunika. "Ni yeye tu," akasema. "Amechoka na masuruali." Kwa hiyo jina lako amelichukua, tuna Ilunga ndani ya nyumba tena, anavaa gauni, na akikunja uso kabla ya kulia, ni wewe unayesahihisha madaftari. Shangazi ananisalimia mwenyewe sasa. Ana mtu wa kumbeba, hasira amezisahau.

Umeme kichwani umekwisha. Nyumba imetulia. Nafundisha hesabu za sehemu nikiandika ubao mzima, na juzi watoto walinichekesha hadi nikalazimika kutoka nje. Nilimrudia yule mama wa nyanya kumwomba radhi, akasema hata hakumbuki, lakini akanitazama sana.

Na wewe umeacha kuja. Sijui mara ya mwisho ilikuwa ipi. Ningejua, ningekushika mkono, hata kama ungeniambia nitakuunguzia shati. Siku hizi nalala, naamka, kumekucha, basi. Asubuhi za kwanza nilikaa kitandani nikilia, kilio kile ambacho mazikoni kilinikatalia. Niliogopa ugonjwa umerudi. Nikaenda kwa daktari. Akaniuliza maswali yake, akanisikiliza, akasema hapana, Madame, hii ni huzuni tu. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nalia njiani, na nilikuwa mzima.

Sasa nakuaga, Baba, maana siku ile sikuweza. Lala vizuri. Vidonge nitaendelea kuvinywa mpaka daktari mwenyewe aseme tupunguze, hata siku ambazo hamu nawe itanizidi. Ukitaka kunitembelea, njoo, nitafurahi mno. Ila sitakubali kuugua ili nikuone.

Mwanao,
Ngoyi