Mikebe Uliyoifuta Tarehe

Baba Shabani,

"Mpendwa" sikuandikii. Neno hilo lilishapita tarehe yake, na wewe ndiye fundi wa mambo hayo.

Unakumbuka duka letu la Kanyosha, wakati wa vita, mipaka imefungwa na maziwa ya watoto hayaonekani mjini? Ulipata mikebe ya maziwa iliyopita tarehe, ukakaa nyuma ya duka na kitambaa chenye petroli, unafuta tarehe huku unapiga mluzi. Hata michache mipya uliifuta, yote ifanane. Nikakuuliza. Ukanicheka.

"We mwanamuke, mukebe haiozi! Wazungu wanatiaka dawa ndani."

Dawa! Daktari wa mikebe, mwenye kibanda cha mbao! Kina mama walikuja na watoto mgongoni, ukawauzia kwa bismillah.

Kisha risasi zikalia mlimani, tukakimbilia kwa dada yako, Shabani mchanga mgongoni. Maziwa yangu yakapungua. Ukasema yameingia woga, yatamudhuru mutoto. Ukaenda dukani, ukarudi na mkebe unang'aa. "Nimechagua ule mupya kabisa." Uliutambua kwa alama gani, mwanaume wee? Kwa harufu?

Nikampa Shabani. Akatapika, akaharisha, macho yakazama. Nilidhani namzika. Kule kituo cha afya muuguzi akaugeuza mkebe chini juu, tarehe hakuna.

"Baba, hii iliisha lini?"

Ukatazama viatu vyako. Mwanaume mzima na ndevu zako! Muuguzi akanigeukia mimi: "Mama, woga hauharibu maziwa. Muweke ku ziwa, usichoke." Nikamweka. Akanyonya kidogo, akalala, akanyonya tena, maziwa yakarudi. Wewe ulishatoka, eti kutafuta teksi. Mpaka leo hiyo teksi haijapatikana.

Nakuchukia? Apana. Chuki ni ya mtu. Wewe nakudharau tu, na barua hii naiacha wazi ili majirani waliokuita "muheshimiwa" nao waisome.

Shabani sasa anakula ugali na samaki wetu wa ndagala, anatushinda wote mezani. Juzi jirani aliyetoka Uvira alileta mzigo wako: mkebe wa maziwa, "wa mutoto wangu". Nasikia umefungua duka huko. Niliugeuza hapohapo mlangoni. Tarehe ipo, inasomeka vizuri kabisa.

Kumbe unajua kuiacha. Na mikebe unayowauzia kina mama wa Uvira, nayo ina tarehe?

Mimi,
Mama Shabani, aliyemnyonyesha